Hospitali Ikikukosea: Kikomo cha Fidia na Saa Inayokimbia

Leo naomba tuache kidogo mambo ya presha na kisukari, tuongelee jambo ambalo wengi wetu hulijua tukiwa tumeshachelewa. Ni fidia pale hospitali inapokukosea, na kikomo ambacho sheria za Marekani zimeiwekea fidia hiyo. Mimi ni muuguzi, nilisomea nyumbani kisha nikasoma tena huku. Si wakili. Lakini nimeona watu wakiumia mara mbili, kwanza kitandani, halafu kwenye ofisi za mawakili.

Kisa cha mama mmoja

Mama mmoja wa kwetu aliishi na mwanawe Texas, akilea wajukuu ili wazazi wao wakabebe boksi. Alifanyiwa upasuaji, kipande cha shashi kikasahauliwa tumboni. Akapata homa na maumivu wiki kadhaa, mwisho akapasuliwa tena. Kosa lilikuwa wazi. Mwanawe akajua hapa ni mamilioni, akasubiri kwanza mama apate nguvu. Alipoanza kutafuta mawakili, wawili walikataa kesi. Wa tatu alimwambia miaka miwili imeshapita, mlango umefungwa.

Kwa nini wakatae kesi iliyo wazi?

Fidia ina mafungu mawili:

1. Hasara za fedha: bili za matibabu, mshahara uliopotea, gharama za kumtunza mgonjwa.
2. Maumivu na mateso: uchungu, kovu, hofu, raha ya maisha iliyopotea.

Katika majimbo mengi yenye kikomo, kikomo hicho hugusa fungu la pili tu. Texas, tangu mwaka 2003, madaktari wote kwa pamoja hawawezi kutozwa zaidi ya dola 250,000 kwa maumivu. Hospitali nayo ni 250,000. Hata zikihusika taasisi kadhaa, jumla haivuki 750,000. Kiasi hicho hakipandi na gharama za maisha.

Sasa tupige hesabu. Injinia anayelipwa dola 90,000 kwa mwaka akikaa nyumbani miaka miwili kwa kosa hilo hilo, mshahara wake peke yake ni dola 180,000, na fungu hilo halina kikomo. Bibi anayelea wajukuu hana hata karatasi moja ya mshahara. Kilichobaki kwake ni maumivu, na maumivu ndiyo yaliyowekewa kikomo. Wakili naye hulipwa asilimia ya fidia, na mara nyingi ndiye anayetanguliza gharama za daktari mtaalamu wa kutoa ripoti. Akiona hesabu haimlipi, anakataa. Haina maana kwamba hukukosewa.

Kila jimbo na sheria yake

- California: kikomo cha dola 250,000 kiliwekwa 1975 na hakikuguswa mpaka sheria mpya ilipoanza Januari 2023. Kilianza na 350,000 kwa aliyeumia na 500,000 kwa kifo, na hupanda kila mwaka hadi 750,000 na 1,000,000 ifikapo 2033.
- Virginia: kikomo hugusa fidia yote, pamoja na bili.
- Georgia: mahakama kuu ya jimbo ilifuta kikomo mwaka 2010.
- Minnesota: hakuna kikomo cha namna hii.
- Kentucky: katiba ya jimbo inakikataza. Lakini tahadhari, muda wa kufungua madai ni mwaka 1 tu!

Na wengi wetu tunatibiwa kwenye kliniki za jamii zinazopata fedha za serikali kuu. Nyingi ya hizo, unayemdai ni serikali yenyewe. Lazima kwanza upeleke madai kwa maandishi ndani ya miaka 2, na kesi huamuliwa na jaji peke yake.

Ufanye nini?

1. Omba nakala ya faili lako lote mapema. Ni haki yako, na kwa kawaida hospitali ina siku 30 kukupa.
2. Usisaini karatasi usiyoielewa. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bure. Mtoto wako si mkalimani.
3. Tunza karatasi za mshahara na za kodi. Kama unalipwa mkononi, andika tarehe na kiasi, umuulize wakili.
4. Kazi za nyumbani nazo ziandike: nani alipika, nani alilea, na sasa mnamlipa nani. California, kwa mfano, gharama hiyo imetajwa kwenye sheria kuwa hasara ya fedha.
5. Tafuta wakili wa makosa ya kitabibu mara moja. Wengi hawatozi mazungumzo ya kwanza. Akikataa mmoja, nenda kwa mwingine wiki hiyo hiyo.
6. Kutokuwa na makaratasi ya uhamiaji hakukufungii mlango wa mahakama. Mweleze wakili ukweli.

Jamani, kumuuguza mgonjwa na kumtafuta wakili vinaweza kwenda pamoja. Yule kijana hakukosea kumpenda mama yake. Alikosa tu mtu wa kumwambia kwamba saa ilikuwa inakimbia. Basi wewe umeshaambiwa, nawe mwambie jirani.

Nawatakia afya njema.