Kondoo Mmoja Hafutwi Kwenye Hesabu

SOMO LA JUMA
Maandiko: Luka 15:1-7 na 25-32, 2 Wakorintho 2:5-11, Wagalatia 6:1, Yuda 20-23

Tumekuwa tukijifunza namna ya kusimama imara nyakati za taabu. Juma hili tunageukia upande wa pili wa somo hilohilo. Sisi tuliosimama tunafanya nini na ndugu aliyeanguka? Tafadhali fungua Biblia yako usome maandiko hapo juu kabla ya kuendelea, kwa sababu hapa nitayaeleza tu kwa maneno yangu.

Nilipokuwa chuoni nikisomea biashara, tulifundishwa kwamba kila duka lina hasara ya kawaida. Mayai mengine yatavunjika, sukari nyingine itamwagika, na wateja wengine watakopa wasilipe. Mwenye duka mwerevu hapotezi wiki nzima akifuata deni la shilingi mia mbili. Analifuta kwenye kitabu na kuendelea na kazi. Ukiwa na kondoo mia na ukabaki na tisini na tisa, umepoteza asilimia moja tu. Mwalimu wangu wa uhasibu angesema huo ni mwaka mzuri sana.

Yesu hahesabu hivyo. Katika Luka 15 mchungaji anawaacha wale tisini na tisa na kumfuata mmoja mpaka ampate. Angalia neno "mpaka". Haendi kujaribu tu ili aseme nilitafuta. Na akimpata hamchapi wala hamburuti. Anambeba mabegani.

MAMBO YALIYOTUPATA

Wapendwa, nataka nitubu mbele yenu katika somo hili. Ndugu nitakayemtaja na mama nitakayemtaja wamenikubalia niandike, bila majina.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi, Somalia ilisimamisha ndege za miraa kutoka Kenya, na corona nayo ikaingia. Sisi wa huku tulikuwa tayari tumepigwa mwaka wa 2014, Uingereza ilipopiga marufuku miraa, lakini soko la Somalia lilikuwa bado linatubeba. Liliposimama, hata asiye na mti mmoja wa miraa aliumia. Mwenye boda boda alikosa abiria, mama wa mboga alikosa wateja, na wachumaji walikaa kando ya barabara wakingoja kazi ambayo haikuja. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022.

Katika miezi hiyo, ndugu mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kikundi chetu cha nyumbani alichukua pesa za wanachama. Alianza kwa kukopa kidogo ili watoto wale. Akaona hawezi kurudisha, akaingia kwenye kamari ya simu akitumaini kushinda alipe zote. Mnajua kamari ilivyo. Ilipogunduliwa, shilingi 38,000 zilikuwa zimekwenda.

Tuliketi kikao. Mimi ndiye niliyeandika ripoti, kwa sababu nimesomea mambo hayo. Ripoti ilikuwa safi. Kila shilingi ilionekana ilikotoka na ilikokwenda. Tukamwondoa kwenye utumishi, jambo ambalo lilikuwa sawa. Jioni hiyo nikamwondoa pia kwenye kundi letu la WhatsApp. Baada ya hapo hakuna aliyekwenda kwake, hata mimi. Mke wake na watoto waliendelea kuja ibadani kama miezi miwili, wakikaa kiti cha nyuma, kisha nao wakaacha. Nilifuta jina lake kama deni lisilolipika, na nikaita jambo hilo utakatifu.

Mwisho wa mwaka wa 2022 nilimkuta stejini akipakia magunia. Nilidhani atanikwepa. Akaja, akanisalimia kwa heshima, akasema, "Pasta, nimekuwa nikiweka zile pesa kidogo kidogo. Zimefika elfu kumi na moja na mia tano. Sikujua nimpelekee nani."

Wapendwa, sikulala usiku huo. Toba ilikuwa imefika mlangoni, ikakosa wa kufungua.

JAMBO LA KWANZA: ADHABU INA MWISHO WAKE

Soma 2 Wakorintho 2:5-11. Kulikuwa na mtu kanisani Korintho aliyeleta huzuni, na kanisa likamwadhibu. Paulo hasemi walikosea kumwadhibu. Anasema adhabu hiyo sasa inatosha. Wamsamehe na kumfariji, asije akazama kwa huzuni iliyozidi. Kisha anasema jambo zito: tukishindwa kufanya hivyo, Shetani anapata nafasi.

Kwa hiyo Shetani ana milango miwili. Mmoja ni dhambi isiyokemewa, na mwingine ni adhabu isiyo na mwisho. Sisi Wapentekoste tunaulinda mlango wa kwanza kwa bidii, na ni vyema. Lakini wa pili mara nyingi tunauacha wazi usiku kucha.

JAMBO LA PILI: ALIYESIMAMA AMEPEWA KAZI, SI CHEO

Wagalatia 6:1 inawaambia walio wa Roho wamrejeze upya aliyenaswa katika kosa, kwa upole, huku wakijiangalia wenyewe. Neno la Kiyunani linalotumika hapo kwa kurejeza ndilo linalotumika Mathayo 4:21 kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Wavu ukiraruka mvuvi hautupi baharini. Anakaa chini na kuushona, tundu kwa tundu, kwa sababu kesho anauhitaji.

Kanisa la Afrika lilijifunza hili zamani sana. Mwaka wa 250, Kaisari Decius aliamuru watu wote wa milki ya Rumi watolee miungu sadaka na kupewa cheti cha kuthibitisha. Katika mji wa Carthage, ulioko Tunisia ya leo, Wakristo wengi walitoa sadaka kwa hofu. Wengine hawakutoa, bali walinunua vyeti kwa hongo ili waonekane wametoa. Wengine walikataa kabisa wakafungwa na kuteswa. Mateso yalipopungua, walioanguka wakaanza kurudi wakilia. Kanisa lifanye nini?

Huko Rumi, kiongozi mmoja aitwaye Novatian alisema hapana, waliomkana Kristo kwa sadaka wasipokelewe tena katika ushirika. Kwa upande mwingine, wapo waliotaka warudishwe mara moja bila toba yoyote. Askofu wa Carthage, Cyprian, hakukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa mateso, na wengine walimlaumu kwa hilo. Mwaka wa 251 maaskofu walikaa wakaamua kwamba walioanguka wafundishwe kutubu kwa kweli, kila mmoja kulingana na kosa lake, lakini mlango usifungwe.

Baada ya muda mfupi dalili za mateso mengine zikaonekana. Hapo maaskofu wakaamua waliokuwa bado katika toba wapokelewe sasa, wasingojeshwe. Sababu yao ndiyo inayonigusa: vita vinakuja, na huwezi kumpeleka ndugu yako vitani bila silaha. Walimrudisha aliyeanguka ili apate nguvu ya kusimama safari hii. Cyprian mwenyewe aliposhikwa tena hakukimbia. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258 kwa ajili ya jina la Yesu.

Mnaona? Mtu huyohuyo aliyefungulia walioanguka mlango ndiye aliyekuwa mwaminifu hadi kufa. Rehema haikulegeza imani yake.

Hata hapa kwetu tumepitia jambo kama hilo. Serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, makanisa ya Mlima Kenya, kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, yaliingia katika jaribu kubwa. Wako waumini, hasa ndugu wa Uamsho, waliokataa kiapo, wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali, wakisema damu ya Yesu inawatosha. Baadhi yao waliuawa. Wako waliokula kiapo kwa ajili ya ardhi na uhuru, na wako waliokula usiku kwa kuogopa kifo. Siandiki haya kuwahukumu wazee wetu. Wengi wetu ni wajukuu wa pande zote. Lakini vita vilipokwisha, watu hao walirudi kijiji kimoja, na wengine walirudi kukaa benchi moja kanisani. Ilibidi mtu aanze kusalimia.

JAMBO LA TATU: USIMSAHAU ALIYEUMIA

Turudi kwenye hadithi yetu. Nilipopeleka habari kwa wanachama wa chama kile, nilitaka mambo yaende haraka, tumkumbatie ndugu, tuimbe, tumalize. Kuna mama mmoja ambaye karo ya mtoto wake ilikuwa katika pesa zile. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima, shule zilipofunguliwa tena na wenzake wakarudi. Mama huyo hakuacha kuja kanisani hata Jumapili moja baada ya milango kufunguliwa. Aliuza ndizi, akatoa fungu lake, akawa anaomba kesha na kesha. Akaniambia, "Pasta, kumsamehe nitamsamehe. Lakini usinifanye nijifanye sikuumia."

Alinifunza kusoma Luka 15 upya. Siku zote nilimwona yule kaka mkubwa kama mtu mbaya tu. Ni kweli alikosea kukataa kuingia. Lakini angalia baba alivyofanya. Alitoka nje kumfuata yeye pia. Hakumfokea. Alimwita mwanangu, akamkumbusha kwamba yuko naye siku zote na vyote ni vyake. Baba yule alitoka nje mara mbili siku hiyo, mara moja kwa aliyepotea na mara moja kwa aliyebaki. Mchungaji anayetoka mara moja tu amefanya nusu ya kazi.

Basi tulifanya hivi. Ndugu alikuja mbele ya wanachama, akakiri bila kutaja corona wala Somalia kama kisingizio. Alileta zile 11,500, na wakaanza na mama huyo. Zilizobaki alipangiwa kulipa kidogo kila mwezi. Hatukumrudishia uweka hazina, na yeye mwenyewe hakuuomba. Kusamehe ni kitu cha leo, lakini kuaminiwa hujengwa siku kwa siku, na kumnyima aliyeanguka kitu kilichomwangusha ni sehemu ya kumpenda. Pia alikubali mzee mmoja wa kanisa awe anaangalia simu yake kwa sababu ya ile kamari.

Je, ameshamaliza kulipa? Bado. Kuna mwezi alikosa, na mwezi mwingine alianguka tena kwenye kamari, akaja kusema mwenyewe kabla hatujajua. Zamani hangekuja. Mama naye bado hakai karibu naye ibadani, na hatumlazimishi. Lakini Krismasi iliyopita alipeleka ndizi kwa watoto wake.

TUFANYE NINI?

Yuda 20-23 inaweka mambo kwa mpangilio mzuri. Kwanza jijenge katika imani, omba katika Roho, jilinde katika upendo wa Mungu. Hiyo ndiyo uaminifu. Kisha wahurumie wenye mashaka, na wengine wanyakue kutoka motoni, huku ukichukia hata vazi lililotiwa uchafu. Hiyo ndiyo huruma. Haviachani. Mtu asiyesimama hawezi kumvuta mwingine, watateleza wote. Na mtu aliyesimama bila kumvuta mwenzake hajaelewa alisimamishwa kwa nini.

Juma hili, tafadhali fanya mambo matatu:

1. Andika jina la mshirika mmoja uliyemwona mara ya mwisho zamani. Usilitaje kwa majirani kama ombi la maombi ambalo kwa kweli ni umbea. Liombee ukiwa peke yako siku tatu.

2. Nenda kwake. Usitume ujumbe wa simu tu. Usianze kwa kuuliza, "Mbona umepotea?" Anajua amepotea. Anza kwa kumsalimia, uulize hali ya watoto, na kama kuna chai, kunywa.

3. Kama wewe ndiwe uliyeumizwa, njoo uzungumze na mmoja wetu wachungaji. Hatutakuharakisha.

Na kama wewe unayesoma karatasi hii umeachiwa na mke wako au jirani mezani, na hujaingia kanisani miaka, neno hili ni lako. Kama kuna kitu unaweka kidogo kidogo, pesa, au maneno ya kuomba msamaha, na hujui umpelekee nani, niletee mimi. Safari hii nitafungua.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika 2 Wakorintho 2, Paulo anajuaje kwamba adhabu imetosha? Sisi tutajuaje?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe na kurudishia mtu wadhifa?
3. Katika kikundi chetu, nani amekuwa kaka mkubwa wa Luka 15? Nani ametoka nje kumfuata?

OMBI

Baba, tumewafuta wengine kwenye vitabu vyetu ilhali wewe bado unawatafuta. Utusamehe. Tusimamishe imara, na utupe mabega ya kubebea. Ufariji walioumizwa na waliobaki. Katika jina la Yesu, Amina.