Karatasi ya Moyo: Tujifunze Kuisoma

Katika somo hili tunataka tukae chini na karatasi moja ambayo huingia katika nyumba zetu, nasi tukishaipata tunaikunja tu na kuiweka.

Mzee mmoja wa kikundi chetu alipimwa moyo hospitalini. Akarudi na karatasi yenye viboksi vidogo vidogo na mstari mweusi unaopanda na kushuka. Mama wa nyumba akaitia katika mfuko wa plastiki na kuitundika juu karibu na mabati, isije ikalowa. Mwaka uliofuata mzee akashikwa na kifua usiku. Tukachanga pesa za gari, tukamfikisha. Daktari alipompima tena akauliza, "Ile karatasi ya kwanza iko wapi? Nataka kujua kama hili ninaloliona ni la leo au ni la zamani." Tukaitoa mfukoni. Kumbe! Ilikuwa nyeupe kabisa, joto limefuta maandishi yote. Ikabidi mzee alazwe, apimwe tena na tena mpaka ijulikane. Alipona, lakini ng'ombe mmoja aliuzwa, na siku zile tulizokaa kwenye benchi hatutazisahau.

Hatuandiki somo hili ili mtu yeyote ajifanye daktari. Tunataka tuielewe karatasi kiasi cha kuitunza, kuuliza maswali, na kutodanganywa.

MOYO UNA UMEME WAKE

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu, upande wa kulia, kuna mahali padogo panapotoa amri, na amri hiyo ni umeme kidogo sana. Umeme huenea vyumba vya juu, hungoja kidogo katikati, kisha hushuka vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwili mzima.

Mashine ya elektrokadiogramu, ambayo hospitalini huitwa ECG, hupokea umeme huo kupitia ngozi na kuuchora. Wako watu wanaokataa kupimwa wakidhani watapigwa na stima. Mashine hiyo haitii umeme mwilini, wala haiumi.

Aliyeifanya kazi hii iwezekane ni Willem Einthoven wa Uholanzi. Mashine yake ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1924 alipewa tuzo ya Nobel. Siku hizi ndoo zimeondoka, tunabandikwa vibandiko 10: vinne mikononi na miguuni, na sita kifuani. Hivyo 10 hutoa picha 12 za moyo ule ule, kama watu 12 wanaotazama nyumba moja kutoka pande tofauti. Kwa hiyo picha hazifanani. Ile iliyoandikwa aVR kwa kawaida hutazama chini, usishtuke.

VIBOKSI NI SAA

Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, na pembeni huandikwa 25 mm/s. Kiboksi kidogo ni sekunde 0.04. Kiboksi kikubwa, chenye vidogo vitano kwa upana, ni sekunde 0.2. Basi vikubwa vitano ni sekunde moja, na 300 ni dakika nzima.

Sasa hesabu ni rahisi. Tafuta vilele viwili virefu vinavyofuatana, hesabu viboksi vikubwa vilivyo kati yake, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Vikiwa 3, moyo unapiga mara 100 kwa dakika. Vikiwa 4, ni mara 75. Vikiwa 5, ni 60. Vikiwa 6, ni 50. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100.

VILIMA VITATU

Kila pigo huchora alama tatu, nazo zina majina ya herufi.

P ni kilima kidogo cha kwanza. Hapo vyumba vya juu vimepata amri.

QRS ni kilele kirefu chembamba. Hapo vyumba vya chini vimepata amri. Kwa kawaida upana wake haufiki viboksi vidogo 3. Kikiwa kinene, amri inapita njia mbovu na kuchelewa.

T ni kilima cha mwisho, cha mviringo. Hapo vyumba vya chini vinajitayarisha kwa pigo lingine.

Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS huwa viboksi vidogo 3 hadi 5. Nafasi ikizidi hapo, amri inakawia njiani. Na kipande cha mstari kati ya QRS na T, daktari hukitazama sana mtu akiwa na maumivu ya kifua. Kikipanda juu isivyo kawaida, huenda mshipa wa damu wa moyo umeziba, na hapo kila dakika ina thamani.

ZOEZI LA KIKUNDI

Chukueni kitabu cha hesabu cha mtoto, kile chenye viboksi. Kila kiboksi kiwe sekunde 0.2. Choreni kilele kila baada ya viboksi 4. Huo ni moyo wa mapigo 75, unaotembea sawasawa.

Chini yake choreni kilele cha kwanza, halafu vingine kwa nafasi hizi: 2, 5, 3, 4, 2, 6, 3, 5. Jumla ni viboksi 30, yaani sekunde 6. Mwendo ukiwa hivi, usitumie ile hesabu ya 300. Hesabu mapigo ya sekunde 6, uzidishe kwa 10. Kuna nafasi 8, basi ni mapigo 80. Mwaona? Idadi ni nzuri, lakini mwendo ni wa mlevi.

Mwendo wa namna hii, na kilima cha P hakionekani, huwa ni ugonjwa ambao vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kusukuma. Damu huweza kuganda humo, bonge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Iko dawa ya kuzuia. Kwa vijana na akina mama wa umri mdogo, chanzo kimoja ni valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa. Basi koo la mtoto tusilidharau. (Kijana mzima mapigo yake huweza kubadilika kidogo akivuta pumzi. Hilo si ugonjwa.)

KARATASI HAISEMI YOTE

Hapa tusikilizane vizuri. Karatasi ni picha ya sekunde chache tu. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo na karatasi yake ikawa safi. Hata mwenye mshipa unaoziba, karatasi ya kwanza huweza kuonekana nzuri, ya pili ikaonyesha. Valvu na nguvu ya pampu hutazamwa kwa kipimo kingine cha mawimbi ya sauti.

Kwa hiyo kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiseme "karatasi yangu ya mwaka jana ilikuwa nzuri." Nenda hospitali usiku huo huo.

TUFANYE NINI?

1. Karatasi nyingi za ECG huchorwa kwa joto, na joto, jua na plastiki huzifuta. Toa fotokopi siku ile ile, au piga picha kwa simu. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi.
2. Hakikisha ina jina na tarehe. Andika pia kama ulikuwa na maumivu wakati wa kupimwa.
3. Uliza daktari, "Mapigo ni mangapi? Yanatembea sawasawa? Nirudi lini?"
4. Akija mtu sokoni na dawa ya "kunyoosha mstari," mwambieni aende zake.

MASWALI YA KUJADILI

Ni nani katika kikundi chetu aliyewahi kupimwa moyo, na karatasi yake iko wapi leo? Mtu akishikwa usiku, gari la nani litampeleka? Mfuko wetu una akiba ya safari hiyo, au tutaanza kuchanga mgonjwa akiwa mlangoni?

Jibuni swali hilo la mwisho kabla hamjafunga mkutano.