Shemeji wa Afisa Akishinda Tenda

Kampuni iliyopewa kazi ya kujenga choo cha soko ni ya shemeji wa afisa wa kaunti aliyeketi kwenye kamati ya kutathmini zabuni. Soko zima linajua. Choo chenyewe kimekamilika, milango inafungika, maji yapo. Je, kuna kosa?

Lipo. (Mfano ni wa kubuni; usimtafute shemeji huyo hapa kwetu Bumala, Kaunti ya Busia.) Wengi wetu tukisikia ufisadi tunatafuta pesa zilizoliwa au jengo lililokwama kwenye lenta. Mgongano wa maslahi hausubiri hasara. Kosa lilikamilika siku ambayo afisa yule alikaa mezani kuamua jambo linalomhusu mtu wa nyumbani kwao, akanyamaza.

Kuwa na ndugu mfanyabiashara si hatia. Sheria inamtaka afisa atangaze uhusiano huo kisha ajiondoe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inamkataza kushiriki zabuni ya namna hiyo, na hata mkataba ukishatiwa sahihi haruhusiwi kugusa uamuzi wowote unaouhusu. Ndugu inaowataja ni mume au mke, mtoto, mzazi, kaka na dada, pamoja na watoto, wazazi, kaka na dada wa mwenzi. Shemeji wa upande huo yumo. Binamu hakutajwa, na kwetu Marachi, ambako binamu ni ndugu kamili, hilo naliona pengo.

Kwa gavana, mawaziri wake wa kaunti na wawakilishi wadi, Katiba ina mkono mrefu zaidi. Ibara ya 75 inawataka waepuke mgongano wowote kati ya maslahi yao na kazi ya umma, hata katika maisha ya faragha na katika kushirikiana na watu wengine. Kisha kuna Sheria ya Mgongano wa Maslahi, aliyoitia sahihi Rais William Ruto Julai 2025 na ambayo ilichukua nafasi ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Hiyo inamgusa kila afisa wa umma, na msimamizi wake ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Anayedhani haya ni ya kwenye karatasi tu awaangalie magavana wawili wa zamani. Moses Lenolkulal wa Samburu alihukumiwa Agosti 2024 kwa sababu kituo chake cha mafuta kiliiuzia mafuta kaunti aliyokuwa akiiongoza. Malipo yalizidi shilingi milioni 80. Februari 2025 ikawa zamu ya Ferdinand Waititu wa Kiambu: miaka 12 jela au faini ya shilingi milioni 53.5. Kampuni iliyopata tenda ya barabara ya shilingi milioni 588 haikuwa yake. Pesa ndizo zilizozunguka zikaingia kwenye kampuni zinazohusishwa naye. Ndiyo maana kuandikisha biashara kwa jina la mwingine si kinga.

Sisi wa mpakani tuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ibara ya 76 inamzuia afisa wa serikali, mwakilishi wadi akiwemo, kuwa na akaunti ya benki nje ya Kenya isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, yaani kwa idhini ya EACC. Busia ya Uganda unaifikia kwa miguu, lakini kwa sheria hiyo ni nje, sawa na London. Mfanyabiashara wa kawaida wa Malaba hahusiki na katazo hili.

Sasa, wewe ufanye nini? Anza na barua. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 unaweza kuandika kwa Kiswahili, na huna haja ya kueleza sababu. Asiyejua kuandika husema, na afisa wa habari analazimika kumwandikia. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Andika hivi:

“Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti ya Busia. Naomba kujua jina la mwanakandarasi aliyejenga choo cha soko la (taja soko na mwaka), kiasi cha mkataba, muda wa kukamilisha kazi, na nakala ya mkataba.”

Mambo matatu ya kwanza sheria hiyo inaitaka ofisi iyatangaze yenyewe mara mkataba unapotiwa sahihi, kwa hiyo afisa akikwambia ni siri, mwonyeshe kifungu cha 5. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, inahesabiwa imekataa, nawe una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile inayoitwa Ombudsman.

Ukipata jina la kampuni, omba hati ya CR12 kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Huonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Ushahidi ukishakaa sawa, upeleke EACC. Simu ya bure ni 1551, na kwenye tovuti yao unaweza kuripoti bila kutaja jina lako. Wakazi pia wanaweza kupeleka ombi la pamoja katika Bunge la Kaunti. Haki hiyo imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Ila usianzie kwenye WhatsApp ya kijiji. Kumwita mtu mwizi kabla hujashika karatasi kunaweza kukupeleka wewe mahakamani kwa kumharibia jina. Uliza tu hadharani, hata kwenye baraza la chifu: nani alipewa kazi hii, kwa shilingi ngapi, na nani aliketi kwenye kamati? Kuuliza si kumwita mtu mwizi.