Kujumlisha na Kutoa kwa Wima: Mwalimu Anajibu

Hesabu za wima huanza kuwatesa watoto pale mamoja yanapopita tisa, au pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini. Mtoto aliyekuwa akipata vema kila siku, ghafla anarudi na daftari lenye alama za mkasi. Mwalimu wa miaka mingi wa madarasa ya mwanzo anajibu maswali ya wazazi, walezi na walimu wenzake.

Mwalimu, mwanangu yuko darasa la pili. Ukimuuliza 8 na 5 anajibu 13 papo hapo. Lakini 28 + 5 ameandika 213. Anafanya mchezo?

Hafanyi mchezo, mama. Amejumlisha 8 na 5 sawasawa, akaandika 13 yote chini ya mstari, kisha akateremsha 2. Kwake kila safu ni hesabu inayojitegemea. Wapo wengine wanaoweka 5 chini ya 2 na kupata 78, kwa sababu wamepanga namba kuanzia kushoto. Wote hao kujumlisha wanajua. Wasichokijua ni thamani ya nafasi: kwamba ile 2 ya kwenye 28 ni ishirini.

Usianze kwa kumwambia amekosa. Mwambie aanze 28, aongeze tano kwa mdomo: 29, 30, 31, 32, 33. Kisha mwonyeshe 213 yake, muulize jibu lipi analiamini. Akishashangaa mwenyewe, hapo ndipo pa kuanzia kufundisha.

Nimwanzishie wima lini? Jirani yangu anamfundisha wa kwake tangu chekechea.

Usishindane na jirani. Kabla ya wima, mtoto awe na mambo matatu. Kwanza, ajue jozi za kumi bila kuhesabu: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Pili, aweze kuhesabu kwa makumi hadi mia, kwenda na kurudi. Tatu, akiona 34 aweze kukuonyesha makumi matatu na mamoja manne kwa vitu vya kushika.

Hilo la tatu ndilo linalorukwa. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, kutaja namba kunamsaidia: kumi na tatu ni kumi, na tatu. Ikifika thelathini au arobaini, msaada unakwisha, kwani hasikii makumi manne ndani ya arobaini. Mzoeze kuitaja namba mara mbili: "Arobaini na saba. Makumi manne, mamoja saba." Tanzania mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tangu 2015, na hiyo K ya kuhesabu haina haraka ya kufika kwenye mstari wa wima.

Nyumbani tunamwambia "andika tano, beba moja". Anafanya, lakini ukimuuliza hiyo moja ni nini, hajui. Tumfundisheje?

Tafuta vijiti mia moja na vipande vya uzi. Njiti za fagio la chelewa zilizokatwa zinatosha. Chora mstari katikati ya karatasi: kulia mamoja, kushoto makumi. Sheria ni moja tu: upande wa mamoja hapakai vijiti kumi. Vikifika kumi, vinafungwa bunda, na bunda linahamia kushoto.

Chukua 47 + 38. Aweke mabunda manne na vijiti saba, kisha mabunda matatu na vijiti vinane. Akikusanya mamoja anapata vijiti 15. Afunge kumi, vibaki vitano. Bunda jipya livuke mstari. Sasa makumi ni 4, 3 na lile 1 lililohamia: manane. Jibu ni 85.

Fanyeni hivyo kwanza bila kalamu. Siku nyingine afanye kwa vijiti huku wewe ukiandika kila anachofanya: akifunga bunda, wewe andika 1 ndogo juu ya makumi. Kisha mbadilishane, yeye aandike. Mwisho aandike bila vijiti. Kabla ya njia ya mkato, mpitishe kwenye njia ndefu: 40 + 30 = 70; 7 + 8 = 15; 70 + 15 = 85. Hapo ile "beba moja" haitakuwa fumbo tena, maana aliifunga kwa mkono wake.

Kutoa ndiko kunakotushinda. 52 − 27 anapata 35 kila mara, hata nikimsahihisha.

Ametoa 2 kwenye 7, badala ya 7 kwenye 2, akapata 5. Halafu 5 toa 2 ni 3. Kosa hili halina mipaka. Watafiti wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walipochambua makosa ya kutoa mwaka 1978, walionyesha kwamba mara nyingi mtoto habahatishi: anafuata kanuni yake, kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Kuondoa ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini, ni mojawapo.

Kanuni hiyo mara nyingi tumempa sisi wakubwa, tulipomwambia "kubwa toa ndogo, ndogo toa kubwa haiwezekani". Badala yake sema: "Mamoja hayatoshi. Tufungue bunda." Aweke mabunda matano na vijiti viwili. Akitakiwa kutoa saba, vijiti havitoshi. Afungue bunda moja: sasa ana mabunda manne na vijiti 12. Ahesabu vyote, ahakikishe bado ni 52. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu: kitu hakijaongezeka wala kupungua, kimebadilishwa sura tu. 12 toa 7 ni 5, makumi 4 toa 2 ni 2. Jibu 25.

Shikamoo, mwalimu... nasema hivyo kwa heshima ya kazi yako, maana mimi ni mzee. Sisi tulifundishwa kuongeza kumi juu na moja chini. Mjukuu ananiambia nimekosea, lakini majibu yanafanana.

Shikamoo, babu, mwenye kuamkiwa ni wewe. Hujakosea. Kwenye 52 − 27 wewe unasema 12 toa 7 ni 5, kisha ile 2 ya chini unaifanya 3: 5 toa 3 ni 2. Umeongeza kumi juu kwenye mamoja, na kumi chini kwenye makumi, yaani umetafuta 62 − 37. Ukiongeza namba zote mbili kwa kiasi kilekile, tofauti yao haibadiliki. Njia hiyo ilitumika sana katika shule za Uingereza.

Ila vijiti haviionyeshi kirahisi kama vinavyoonyesha kufungua bunda. Mwache mjukuu aimudu njia ya darasani kwanza. Akishaelewa, mwonyeshe yako, umwambie aeleze kwa nini mnapata jibu moja. Asipoweza kueleza, asiitumie.

Sifuri ikiwa katikati, mathalani 403 − 168, anakwama kabisa.

Mamoja 3 hayatoshi kutoa 8, na makumi hayapo. Aende kwenye mamia: mia moja ibadilishwe iwe makumi kumi, kisha kumi moja kati ya hayo iwe mamoja kumi. Zimebaki mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Jibu ni 235. Wengi hufungua mia na kuipeleka moja kwa moja kwenye mamoja. Hapo nafasi ya makumi hubaki na sifuri na jibu linaharibika.

Kwa namba kama 1,000 − 638 kuna njia nyepesi: punguza moja kila upande. 999 − 637 haihitaji kufungua chochote, na jibu ni 362.

Dukani anahesabu chenji vizuri, daftarini anashindwa. Inakuwaje?

Dukani hatoi, anapanda. Kitu cha shilingi 650, noti ya 1,000: anaongeza 50 kufika 700, kisha 300 kufika 1,000. Chenji ni 350. Hiyo ni kutoa halali, na ni njia nzuri ya kuhakiki jibu la daftarini. Ukitaka kufundishia thamani ya nafasi kwa pesa, tumia sarafu za 100 na noti za 1,000 pekee. Sarafu za 50, 200 na 500 ni za kweli sokoni, lakini hazibadilishani kumi kwa moja na sarafu ya 100 wala noti ya 1,000.

Mimi ni mwalimu, darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Nitajuaje nani ana tatizo gani?

Mwalimu mwenzangu, punguza maswali ishirini, weka matatu uliyoyachagua. Swali moja kama 40 − 17 linatosha kugawa darasa. Aliyepata 37 ametoa 0 kwenye 7. Aliyepata 30 ameamua kuwa 0 toa 7 ni 0. Aliyepata 33 amefungua kumi lakini akasahau kwamba limeondoka kwenye makumi. Aliyepata 23 yuko sawa.

Usisahihishe kwa alama ya mkasi na kupita. Andika ubaoni majibu hayo manne bila jina la mtu, uwaache watoto wabishane lipi linawezekana. Wawili wa kwanza warudi kwenye vijiti. Wa tatu anahitaji kukata 4 na kuandika 3 juu yake kila anapofungua kumi. Wa nne mpe 17 + 23, athibitishe mwenyewe kuwa inarudi 40, kabla hajaleta daftari kwako.