Somo la Uandishi: Pombe ya Myombekere

Wako miongoni mwetu vijana, na akina mama pia, wenye nia ya kuandika vitabu. Wengine wametuletea madaftari yao, nasi tumeyasoma yote. Twawashukuru. Kuandika kurasa arobaini kwa mkono, baada ya kutoka shambani, si kazi ndogo.

Kosa tuliloliona katika mengi ya madaftari hayo ni moja. Mwandishi anajua mambo mengi mazuri, naye anatupa yote kwa mfululizo kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani: mila za harusi, kilimo cha mpunga, mafuriko, shida za usafiri, kisha mawaidha. Hakuna mtu ndani ya habari hiyo anayetaka kitu. Msomaji anafika ukurasa wa tatu, anapiga miayo.

Yafaa tumtazame Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akaishi kisiwani Ukerewe katika Ziwa Viktoria, naye alikuwa Mkristo wa misheni ya Kikatoliki. Aliona mila za Wakerewe zinasahauliwa, akakusudia kuziandika zisipotee. Angeweza kuandika orodha. Badala yake aliandika hadithi ndefu kwa lugha ya Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wawili wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsema vibaya mke, wazazi wake wanamchukua kwao, na mume anabaki peke yake na nyumba yake. Anapokwenda kumwomba mkewe arudi, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi.

Hapo ndipo tunapofundishwa jinsi ya kutengeneza pombe ya ndizi, hatua kwa hatua. (Msomaji asikwazike kwa neno pombe, twasema habari za kitabu.) Katika kitabu cha mila maelezo hayo yangetuchosha. Hapa tunayasoma kwa moyo wa wasiwasi, kwa sababu pombe ikiharibika Myombekere hapati mke wake. Yote aliyotaka kuyahifadhi Kitereza, kama dawa, kilimo, uvuvi na adabu za ukweni, ameyatia mikononi mwa mtu mwenye haja. Huo ndio ufundi tunaopenda wenzetu waupate kabla ya ufundi mwingine wowote.

Sasa turudi kwetu. Jina Kivukoni limebaki, lakini kivuko chenyewe hakipo tena. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwezi Mei 2018, na siku hizi gari la Lupiro, Malinyi au Mahenge linapita juu ya Mto Kilombero kwa dakika chache. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajui foleni ya pantoni ni kitu gani. Hajui habari za Januari 2016, MV Kilombero II ilipozama. Waliokuwa wakiuza chai pale gatini, wachukuzi wa mizigo, wapiga pondo wa mitumbwi, wengi wao wapo hai na wana mengi ya kusimulia, ila kila mwaka tunawazika wachache. Jambo hili halitungoji.

Kijana mmoja akiambiwa aandike juu ya kivuko, pengine ataandika hivi: “Zamani usafiri wa hapa ulikuwa wa shida sana. Watu walikuwa wanasubiri kwa muda mrefu na wagonjwa walikuwa wanateseka. Kwa hiyo tunashukuru kupata daraja.” Maneno hayo ni ya kweli. Yafaa kusomwa mkutanoni, lakini hakuna mtu atakayeyakumbuka jioni.

Ajaribu hivi: “Pantoni ilikuwa ng’ambo. Mama alimshusha mtoto mgongoni, akamgusa paji la uso kwa mara ya tatu, akamwuliza muuza samaki kama imeanza kurudi. ‘Bado inapakia malori,’ akajibu yule, akaendelea kumpara perege. Mama akahesabu malori. Yalikuwa manne. Akatazama mitumbwi, akatazama maji, kisha akafungua pindo la kanga kuona amebakiwa na shilingi ngapi.”

Hatukuambiwa kwamba kuna shida. Twamwona mama na joto la mtoto wake, na sasa twataka kujua kama atapanda mtumbwi au atangoja. Katika kungoja huko mwandishi anaweza kutuonyesha gati zima, bei ya chai, kelele za makondakta, hata viboko, nasi tutamfuata kwa hiari. Tena angalieni yule samaki. Kama mwandishi angesema muuza samaki anampara kitoga, wasomaji wa bondeni wangemcheka, maana kitoga hana magamba. Na mwandishi akichekwa kwa samaki, hata machozi ya mama hayataaminika.

Kwa hiyo majina ya vitu yajulikane. Usiandike “mpunga” tu ikiwa mkulima wako angesema supa au shingo ya mwali. Usiandike “mti” ikiwa watu wako wanakaa chini ya mwembe. Neno la Kindamba au la Kipogoro likiwa ndilo linalofaa, litumie, ila liweke mahali ambapo kitendo chenyewe kitamfahamisha msomaji wa Tanga au Bukoba. Kitereza alikutana na kazi hiyo hasa: akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini alikifasiri yeye mwenyewe kitabu chake kizima kwa Kiswahili, na majina ya Kikerewe akayaacha yakae humo.

Wengine watasema, “Mimi sikuona mambo ya zamani, nitaandikaje?” James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, hakuuona utumwa kwa macho yake. Wazazi wake ndio waliotoka katika kizazi kilichotekwa na kukombolewa. Aliyachukua masimulizi ya wazee wa pale misheni akaandika Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Wako waliomlaumu kwamba amewasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini bila kusikiliza kwake, mengi ya wazee wale yangezikwa pamoja nao. Hapa bondeni pia tuna mfano. Kitabu Ubena of the Rivers, kilichotolewa mwaka 1935, kiliandikwa na Bwana na Bibi Culwick, nacho kina sura moja ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Sura moja tu! Zilizobaki ziliandikwa na wageni, kwa Kiingereza.

Unapomwendea mzee, usimwulize “maisha ya zamani yalikuwaje,” maana atakujibu kwamba yalikuwa mazuri na vijana wa leo hawana adabu. Mwulize siku moja. Mwulize alikula nini siku hiyo, nani alimdai fedha, alikuwa anakwenda wapi na kwa nini alichelewa.

Juu ya kuandika upya tuseme machache. Soma kazi yako kwa sauti mbele ya mtu asiyekuonea haya, bibi yako akifaa zaidi. Pale anapouliza “halafu?” pana uhai, pale anapoanza kuchambua mchele wake, kata. Mara nyingi sehemu ya kukata ni mawaidha. Sisi watu wa kanisa tuna mazoea ya kuhubiri, nayo yana mahali pake mimbarini, lakini mhusika wa hadithi akianza kuhubiri ukurasa mzima tunajua kwamba ni mwandishi anayesema.

Weka pia nakala ya kazi yako. Kitereza alingoja kwa muda mrefu sana. Padre Simard, aliyemtia moyo, alichukua mswada wa Kikerewe kwao Kanada ili ufasiriwe, akafa kabla kazi haijatimia. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu cha Kiswahili mwaka 1980, kikachapishwa huko China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Leo njia si nyembamba kama hiyo: kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, nayo hupokea kazi za watu wasiojulikana bado.

Zoezi la mwezi huu ni hili. Mtafute mtu mmoja aliyefanya kazi au biashara kivukoni, umwulize habari za siku moja tu. Andika kurasa mbili, zisizidi. Ndani yake awepo mtu anayetaka kuvuka, na sababu inayomfanya asiweze kungoja. Zileteni Jumapili ya pili baada ya ibada. Tutakaa chini ya mwembe, na kila mmoja atasoma ya mwenzake kwa sauti, si yake mwenyewe.