Mwili Hunena Kabla ya Kuvunjika

Mtu akipita Kariakoo asubuhi, kelele moja huzishinda nyingine zote: "Mzigo! Mzigo!" Ni mchukuzi apitaye. Shingo imekaza, pumzi ameizuia, na gunia limemfunika hata uso hauonekani. Watu humpisha, kisha humsahau. Leo twataka kumtazama mchukuzi huyu, tujifunze kwake jambo limpasalo kila mwenye mwili.

1. Mji wa wachukuzi

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa maelfu; na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Sanamu iliyosimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki, walakini maandishi yake yawakumbuka wapagazi pia.

Siku hizi bandarini makontena huinuliwa kwa mashine. Lakini katika mitaa ya Kariakoo mizigo mingi ingali ikipita kichwani, mgongoni na juu ya mkokoteni. Mchukuzi hulipwa kwa safari: akienda mbio apata zaidi, akipumzika akosa. Kwa hiyo huzoea kutousikiliza mwili wake. Kiuno kikimwuma asema, "Ni uchovu tu." Mguu ukimfa ganzi asema, "Kesho utapona." Hata siku moja mgongo wakataa, ndipo watu wasema, "Ameumia ghafula." Mara nyingi si ghafula. Mwili ulinena siku nyingi, wala hakuna aliyeusikiliza.

2. Mwili una fahamu yake

Tumefundishwa kuhesabu fahamu tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Iko na nyingine. Fumba macho, uinue mkono, nawe wajua mkono uko wapi ingawa huuoni. Mwaka 1906 mtaalamu wa Uingereza, Charles Sherrington, aliipa fahamu hii jina la kitaalamu. Ndani ya misuli, kano na viungo mna vijumbe vidogo vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo: hapa pamenyoka, pale pamevutwa.

Ila fahamu hii yaweza kufunikwa na mazoea. Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa msomaji wa mashairi mbele ya watu, akapotewa na sauti. Akajitazama katika vioo, akagundua kwamba kila alipotaka kunena alirudisha kichwa nyuma na kukaza shingo, wala mwenyewe hakuhisi. Wahubiri na walimu, hili latuhusu sisi pia. Njia aliyoibuni ilijaribiwa Uingereza kwa watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na habari zake zikatolewa mwaka 2008. Waliofundishwa masomo 24 walikuwa na siku chache zaidi za maumivu, hata baada ya mwaka mzima.

3. Kwa nini polepole?

Ernst Heinrich Weber, mtaalamu wa Ujerumani wa karne ya 19, alionyesha jambo hili: aliyebeba kitu kizito hatambui ukimwongezea kidogo. Mtie embe moja mchukuzi mwenye gunia kichwani, hatajua. Mtie embe hilo mtu aliyeshika ndizi mkononi, atajua mara moja. Moshe Feldenkrais (1904–1984), mwalimu wa judo aliyeumia goti, aliyajenga masomo yake juu ya kanuni hiyo: ukitaka kuusikia mwili, punguza nguvu. Mwendo mdogo, wa polepole, usio na maumivu, huonyesha yale ambayo nguvu huyaficha.

4. Zoezi la robo saa

Fanya jioni, kazi ikiisha. Tandika mkeka sakafuni.

Kwanza, lala chali, mikono kando. Usifanye neno lolote, sikiliza tu. Je, visigino viwili vyalemea sawasawa? Mabega je? Chini ya kiuno pana nafasi gani?

Pili, sikiliza pumzi bila kuilazimisha. Yaingia mpaka wapi? Mbavu zapanuka pande zote, au upande mmoja umelala?

Tatu, kunja magoti, nyayo zikae chini. Polepole ukandamize kiuno kwenye mkeka, kisha ukiachie kiinuke kidogo. Rudia mara kumi, kila mara kwa nguvu ndogo kuliko kwanza. Angalia kama wazuia pumzi au wabana meno. Ukiona hivyo, achia.

Nne, nyosha miguu, upumzike. Sikiliza tena: je, kuna tofauti?

Mwisho, geukia ubavu mmoja, inuka taratibu, tembea chumbani. Kesho, kabla ya kuinua mzigo wa kwanza, simama pumzi tatu tu. Sikia nyayo zako. Usogelee mzigo, kunja magoti, uinue bila kujipinda kiuno.

Mwendo ukileta maumivu, uufanye mdogo zaidi au uache. Naye mwenye ganzi katikati ya mapaja, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo, asifanye zoezi. Aende hospitali siku ile ile.

5. Zoezi halipunguzi gunia

Hapa hatuna budi kusema kweli. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja kwa kawaida usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Lakini sheria ya vipimo ya Tanzania yaruhusu gunia la mazao lifike kilo 100, na lumbesa, ambayo sheria imeikataza, hupita hapo. Hakuna pumzi wala mkeka uwezao kuufanya mzigo huo kuwa halali kwa uti wa mgongo wa mtu.

Basi, tusimwambie mchukuzi, "Jifunze kujisikiliza," kisha tumtwike lumbesa yetu. Mwenye duka na apakie magunia madogo. Mwenye mzigo na akubali wawili wabebe, naye awalipe wawili. Anayeusikiliza mwili wake hujua mapema wakati wa kusema, "Huu sitauweza". Nasi tulio wenye mizigo yatupasa kulisikia neno hilo bila kumfukuza.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ni kiungo gani cha mwili wako kilichonena juma hili, nawe hukukijibu?
2. Ukisimama kufundisha, shingo na pumzi yako vikoje?
3. Mzigo wako wa mwisho ulibebwa na nani, nao ulikuwa kilo ngapi?