Kutoka Tindikalini hadi Noleoni: Msamiati wa Kumalizia Bapa la Kisu

Utangulizi
Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hupwaya kinapoingia karakana. Makala haya yanaupima usemi huo kwa kazi moja mahususi: kusafisha na kumalizia bapa la kisu cha matabaka, maarufu kwa jina la Damaski, baada ya kutiwa nakshi kwa tindikali.

Chanzo cha nakshi
Bapa hili hufuliwa kwa matabaka ya chuma cha pua cha aina mbili, moja ikiwa na nikeli. Huchovywa katika kloridi ya feri iliyozimuliwa kwa maji. Tabaka lisilo na nikeli huliwa upesi na kuwa jeusi. Lenye nikeli hustahimili, likabaki linang'aa. Hata hivyo, kukitoa kisu si kuikomesha tindikali. Mabaki yake hujificha katika mabonde ya nakshi, na kutu huweza kuchipuka baada ya saa chache. Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.

Hatua za kazi
Fundi, akiwa amevaa glavu na miwani ya kinga, kwanza hukisuuza kisu kwa maji mengi. Pili, hukitia katika maji yenye soda ya kuokea, ambayo ni jamaa ya magadi. Povu huashiria kwamba tindikali inazimwa. Soda huongezwa hadi povu lisitokee tena. Tatu, husugua utando mweusi uliolegea kwa kitambaa laini, akasuuza kwa maji moto na kukausha papo hapo. Nne, hupiga msasa laini sana, kwa mfano namba 2000, uliozungushiwa kipande kigumu cha ubao. Ubao hugusa miinuko tu, ikang'aa. Kidole kingezama mabondeni na kufuta weusi unaohitajika. Tano, hupaka mafuta au nta. Kisu cha jikoni hupakwa mafuta yasiyodhuru chakula. Mwisho hunoa, kwa kuwa tindikali huyala hata makali.

Uchambuzi wa msamiati
Kloridi na nikeli ni maneno ya kukopa, lakini vitenzi vinavyoibeba kazi ni vya Kiswahili: zimua, suuza, sugua, kausha, noa. Kila kimoja kina mpaka wake. Mwalimu akitumia "safisha" kwa hatua zote, mwanagenzi atapiga msasa pale pa kusuuza, na nakshi ipotee. Aidha, msasa kwa asili ni mmea wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani.

Hitimisho
Imebainika kuwa upungufu hauko katika lugha, bali katika mazoea ya watumiaji wake. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuzuru karakana, wasikilize mafundi, kisha waandike. Kamusi isiyonolewa hushika kutu.